Siku ya Uhuru Niliyomtangaza Uhuru

Siku yangu ya kwanza redioni nilipewa daftari, si maikrofoni. Meneja wa Kituo, mzaliwa wa Kilindoni aliyevaa kofia ya kiua hata ofisini, alilisukuma juu ya meza mpaka likanigusa vidole. Lilikuwa na kurasa mia tatu sitini na sita, kila ukurasa umeandikwa tarehe juu, bila mwaka.

"Mama Neema," alisema, "sauti unayo, lakini sauti si kazi. Jaza ukurasa wa kesho kabla hujaenda nyumbani."

Nilikuwa mgeni Mafia. Nilitoka Njombe nikimfuata mume wangu, muuguzi aliyehamishiwa hapa, na nilidhani mtangazaji ni mtu wa kukaa na kuongea. Kumbe kipindi changu, Siku Kama ya Leo, kilidumu dakika tano tu baada ya taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, na dakika hizo tano zilikula siku nzima. Kila tarehe nilitafuta mambo yaliyotokea siku hiyo katika miaka mbalimbali: ya dunia, ya nchi, na ya kisiwa chetu. Ya dunia na ya nchi yalikuwa vitabuni. Ya kisiwa yalikuwa vichwani mwa watu, nami niliyafuata hukohuko.

Wiki ya tatu nilitangaza kwamba kisima cha kijiji fulani kilichimbwa tarehe ya siku ile. Chai haijapoa, mzee mmoja akashuka kwenye bodaboda mlangoni petu.

"Mimi nilishika sururu," alisema, hata salamu hakunipa. "Ilikuwa Mfunguo Mosi, watu wametoka kufunga. Hiyo tarehe yako umeiokota wapi?"

Ndipo nikajua kwamba wenyeji wengi hukumbuka mambo kwa mwezi wa Kiislamu, nami nilipaswa kuhesabu upya mpaka nipate tarehe ya ofisini. Meneja hakunifokea. Alisema tu, "Kuanzia leo, kila tukio midomo miwili. Mdomo mmoja ni uvumi." Nilishika kanuni hiyo kama amri ya Mungu. Baadaye iliniponza.

Mwenzangu wa kazi alikuwa fundi mitambo, kijana wa Bweni, kijiji cha kaskazini mwa kisiwa, aitwaye Uhuru. Alikaa upande wa pili wa kioo mbele ya miksa, ile meza yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Mimi nikimaliza sentensi ya mwisho, yeye alipandisha wimbo polepole chini ya sauti yangu, pasibaki hata pumzi moja ya ukimya. Tulifanya kazi hivyo miaka kumi na moja. Kila asubuhi aliingia na "Shikamoo mama", nami nikaitika "Marahaba mwanangu", na sikuona kuwa ni neno la kupitisha tu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, nilivuka kwenda kisiwa jirani cha Juani kwa mkunga mstaafu. Nilitaka jambo la kisiwa kwa ajili ya tarehe tisa Desemba. Alinisimulia kisa ambacho sikuwa nimekisikia. Miaka ya themanini, Siku ya Uhuru, watu wote wa Kilindoni walikuwa uwanjani wakitazama gwaride. Yeye alibaki zamu zahanati. Alipotoka kumwaga maji, alimkuta mtoto mchanga kibarazani, amefungwa kanga mpya, ana vidole sita kila mkono. Aliyemwacha hakuonekana tena. Mkunga alivifunga kwa uzi vile vidole vya ziada mpaka vikadondoka, na wanawake waliokuwa wakinyonyesha walimpokezana mtoto yule siku nne, hadi mama mmoja wa kaskazini alipomchukua kumlea.

"Jina lake?" nikauliza.

"Hilo sikupi. Niliapa. Wewe simulia wema wa watu, jina liache."

Karani mstaafu wa kata aliniambia yaleyale. Midomo miwili. Nilirudi nyumbani nikitabasamu, nimepata kisa kizuri kuliko vyote vya daftari lile. Neno "niliapa" nililisikia, nikalipita.

Asubuhi ya tarehe tisa nilisoma. Siku kama ya leo, mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, Tanganyika ilipata uhuru wake. Siku kama ya leo, mwaka sabini na tisa, wataalamu wa dunia walitia sahihi kuthibitisha kwamba ugonjwa wa ndui umetoweka. Halafu nikaingia kwenye kisa cha mtoto. Nilikisoma kwa madaha, nakiri. Nilipofika kwenye vidole sita na uzi, niliinua macho nimpe Uhuru ishara ya kuandaa wimbo.

Alikuwa ameondoa mikono kwenye miksa. Aliishika mbele ya uso wake, ameigeuza, anatazama pembeni mwa vidole vidogo. Pale palikuwa na vinundu viwili, kimoja kila mkono, ambavyo nami nilikuwa nimeviona kila siku kwa miaka kumi na moja.

Mdomo wangu ulimalizia wenyewe: "...akachukuliwa na mama mmoja wa kaskazini."

Wimbo haukuja. Redio ilinyamaza kisiwa kizima. Uhuru alivua hedifoni, akaziweka taratibu juu ya meza, akatoka. Nilisikia pikipiki yake ikiwaka.

Meneja aliingia mbio, akapandisha wimbo kwa mkono wake. Kisha akanigeukia. "Ulimuuliza nani?"

"Mashahidi wawili, Bwana Meneja."

"Na mwenye habari?"

Nilitazama hedifoni zilizobaki juu ya meza. Meneja alinionyesha mlango, akasema, "Mfuate."

Njia ya Bweni ni mashimo matupu, na sikumbuki hata shimo moja. Nilimkuta Uhuru amesimama uani kwao. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa ameketi kizingitini, redio ndogo mapajani. Bweni nzima ilikuwa imesikia. Majirani walichungulia nyuma ya makuti.

"Shikamoo bibi," nilisema.

Hakuitikia. "Wewe ndiye ile sauti?"

"Ndimi."

"Nilikuwa nachagua siku," alisema. "Marehemu baba yake alisema, tumwambie akioa. Akaoa. Nikasema, akipata mtoto. Akapata. Kila siku niliona si yenyewe. Wewe umenichagulia."

Uhuru alimsogelea. "Mama, ni kweli?"

"Kaa, baba."

"Sikai! Ni kweli?"

"Kweli. Nilizika watatu kabla yako. Nilikwenda Kilindoni kutafuta dawa, nikaambiwa kuna mtoto hana mtu. Nami nilikuwa sina mtu."

"Aliyenizaa ni nani?"

"Wallahi simjui. Ningemjua ningempelekea hata habari kwamba umeota meno."

Uhuru aliketi chini mchangani, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Bi Mwanaidi hakumgusa. Nadhani aliogopa kusukumwa. Nami nilisimama pale bila kujua pa kuiweka mikono yangu.

Wiki tatu hakuja kazini. Niliandika barua ya kuacha kazi; Meneja akaichana mbele yangu. "Ukiondoka, atakayekuja atafanya kosa hilihili. Baki ulikumbuke." Uhuru aliporudi aliomba zamu ya jioni, tusikutane. Nilikubali. Nilistahili.

Desemba iliyofuata nilikuwa nimeuacha ukurasa wa tarehe tisa bila jambo la kisiwa. Siku yenyewe, saa moja kasoro, Bi Mwanaidi aliingia studio, ametoka Bweni kwa basi dogo la alfajiri. Nyuma yake Uhuru, aliyekwenda moja kwa moja kwenye miksa.

"Nipishe kiti," Bi Mwanaidi aliniambia. "Kisa changu nitakisema mwenyewe."

Akasema. Hakulia, wala hakutafuta maneno. Alimalizia hivi: "Wewe uliyemwacha kibarazani, kama u hai na unanisikia, mwanao hajalala njaa hata siku moja. Ana watoto wawili. Sikukasirikii. Njoo umwone." Chini ya sauti yake wimbo ukapanda polepole, na mimi nikageukia ukuta.

Hakuja mtu. Wala mwaka uliofuata.

Sasa nimestaafu, na Njombe sikurudi. Watangazaji vijana huja kwangu kuuliza namna ya kuandaa kipindi cha tarehe. Nawafundisha kuhesabu miezi, kusoma mswada bila kukwaruza karatasi, kutafuta midomo miwili. Kisha nawaambia wamtafute anayeishi na jambo hilo, wamgongee mlango na kumwomba ruhusa, hata kama itawagharimu kisa chenyewe. Wengine huandika. Wengine hutabasamu, kama nilivyotabasamu nikitoka Juani. Hao ndio ninaowaombea.