Mtungi, Si Chungu

Mtungi mpya ukifukizwa ubani kwa mara ya kwanza, hutoa harufu mbili zilizooana: ya udongo ulioonja mvua na ya nyumba yenye arusi. Asubuhi ile, nyumbani kwetu Jadida mjini Wete, bibi yangu Mwanaidi alikuwa ameuinamisha mtungi wake juu ya chetezo ili maji yetu ya kunywa yapate utamu, nami nimechutama ubavuni pake nikiudaka moshi uliokuwa ukitoroka. Nilikuwa na miaka minane na shule zimefungwa. Mara nikasikia watoto wa mtaani wakija mbio, visigino vikipiga vumbi, wanapiga kelele kama walioona mwezi wa Idi: “Mama Jaya kaja! Kaja na boti! Yumo koponi!”

Mama Jaya alikuwa Baniani mwenye duka la nafaka ukuta mmoja na sisi. Alikuwa amepelekwa Dar es Salaam kutibiwa, akafia huko, akachomwa kama dini yao inavyotaka. Sasa binti yake wa pekee, Bi Jaya, alikuwa amemrudisha. Mama Jaya aliusia kwamba majivu yake yatiwe katika chombo cha udongo na kuzamishwa katika maji ya Wete, si mengine. Tulimpenda sana mwanamke yule, na sisi watoto hatukujua kwamba kurudi kwa namna hii si jambo la kushangilia. Tulishangilia.

Bi Jaya aliingia uani kwetu akiwa amelikumbatia kopo la bati kwa mikono miwili, macho mekundu. Chungu alichokinunua kilikuwa kimevunjika njiani. “Bi Mwanaidi, nitafutie chungu chochote,” alisema. “Mwenye mashua ananisubiri. Maji yakishapwa ni matope matupu, na kesho asubuhi napanda boti kurudi kazini.” Bibi akaniamuru nivute chungu kipya kilichokuwa chini ya kitanda chake. Nilikileta nikikimbia, nikajiona mtu mkubwa. Bibi alikipokea, akakigeuza, akakigonga kwa kidole, kisha akakiweka chini.

“La,” alisema. “Chungu ni cha moto, mwanangu. Mama yako moto ameshaumaliza. Mpe mtungi.”

Akauchukua ule aliokuwa akiufukiza, ungali na moshi ndani yake, akaupangusa kwa upande wa khanga. Jirani yetu Bi Time, aliyekuwa akichungulia juu ya ua wa makuti tangu mwanzo, hakuweza kunyamaza: “Mwanaidi! Leo umekuwa Baniani?” Bibi akamjibu bila kugeuka, “Tangu siku niliyokula bajia zake. Nawe uliyekula nyingi zaidi, ruka ua uje ushike khanga, upepo huu utatumaliza.”

Kwa kweli upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma, na shingo ya mtungi ni nyembamba. Nilitumwa migombani, nikarudi na jani pana kuliko mimi. Bibi alilibabua juu ya makaa ya chetezo mpaka likalainika, akalikunja mithili ya pembe ya karatasi ya kutilia karanga, akaichomeka ncha shingoni mwa mtungi. Bi Time alitandaza khanga upande wa upepo, mimi nikakamata pindo lake la chini. Kopo likafunguliwa. Nilikuwa nikitazamia jivu la jikoni, jeusijeusi, lile tunalosugulia masufuria. Haya yalikuwa meupe, mazito, kama mchanga wa ufukweni uliotwangwa.

Bi Jaya akainamisha kopo. Mkupuo wa kwanza uligonga ukingo wa jani, nusura umwagike nje. Akasita. “Siwezi,” alisema. “Nitammwaga mama.” Nami, kwa kuwa nilikuwa mtoto na macho yangu yalikuwa juu ya kitu kinachopimwa, ulimi ukanitoka wenyewe, kwa sauti ileile ya dukani kwao: “Haba na haba…”

Bibi alinikata jicho ambalo nalikumbuka hata leo. Lakini Bi Jaya aliangua kicheko, kicheko chenye machozi ndani yake, akamalizia, “…hujaza kibaba! Ee mama, na akiongeza ukufi juu!” Kwa maana ndivyo alivyokuwa akisema mama yake kila alipotupimia mchele, kisha akatuongezea ujazo wa kiganja bure. Bi Time naye akacheka mpaka khanga ikacheza, akakemewa. Bi Jaya akaliinua tena kopo. Akamimina taratibu, haba na haba, mpaka kopo likawa tupu bila hata chembe moja kuanguka, kisha akaufunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa chekundu. Tuliandamana naye mpaka pwani, mtaa mzima, na maji yalikuwa yamejaa tele.

Sasa naishi ghorofani Dar es Salaam. Mwaka jana jirani wa mlango unaotazamana na wangu alifiwa, nami nilijua kwa viatu vilivyojaa ngazini. Niliandika pole kwenye simu, nikaifuta, nikaiandika tena kwa maneno mazuri zaidi, mimi mwandishi ninayekula kwa maneno, mpaka nikajionea haya. Nikatoka, nikagonga. Mwanamke aliyenifungulia sikuwa nimewahi hata kumuuliza jina. “Nipeni kazi,” nilimwambia. Alinitazama kidogo, kisha akanipakatisha mtoto.