Bwawa Lilipokufa, Koboko Ikalia

Mkandarasi aliyetujengea nyumba upande wa Dadamu, nje kidogo ya mji wa Arua, alichimba udongo wa matofali palepale, na mashimo yaliyobaki akayaita mabwawa. Alisema tutafuga samaki. Mume wangu alilipenda sana jambo hilo la samaki, akachagua nyumba ya chini kabisa, karibu na bwawa kubwa. Hakuwahi kula hata mmoja. Alifariki wakati wa kiangazi, tukamzika uani kama ilivyo desturi, karibu na jiko.

Mvua zilipoanza, bwawa likavuja. Maji hayakupita juu ya ukingo ambapo mtu angeyaona. Yalipita chini kwa chini, yakatokea yalipotaka. Kwa jirani yangu, mama wa Kikongo aliyeuza samaki wa chumvi sokoni Arua, yalitokea chini ya kitanda, yakaja na vyura. Kwa mzee mmoja, askari mstaafu, yalijaza choo mpaka akaacha kukiita choo, akakiita kisima. Kwangu yalitokea kaburini. Udongo ulititia upande wa miguu. Kila jioni nilimwaga udongo mkavu, na kila asubuhi nilikuta tope. Mimi sikutaka samaki. Nilitaka mume wangu alale pakavu.

Mkandarasi alikuja mara moja, akatazama, akacheka.

"Bwawa changa ni kama mtoto mchanga," alisema. "Linakojoa. Likikua litaacha."

"Mukubwa," mama wa Kikongo akamjibu, "mutoto yako anakojoa chini ya kitanda yangu. Kuja umubebe, ulale naye kwako."

Mkandarasi akapanda gari lake akarudi kwake mjini Koboko, na siku zikapita bila kumwona.

Miaka ile watu wakikusanyika bila ruhusa walijitafutia maswali ya askari. Kwa hiyo mikutano yetu tuliifanyia kwenye choo cha mzee, kila mtu na ndoo yake mkononi, tuonekane tumekuja kuteka maji. Hakuna aliyetuuliza kitu, ila wapita njia walianza kutuogopa. Hapo ndipo tulipokubaliana: twende Koboko, sote, mpaka nyumbani kwake.

"Mama, wewe utakaa mbele," mzee aliniambia. "Kichwa yako imenyolewa, iko na kitambaa ya mjane. Atakuonea haya. Na usiseme sana."

"Huyu?" alisema mama wa Kikongo. "Huyu hata kuku akimwibia chakula, hasemi."

Tulipata lori lililokuwa likirudi Koboko tupu, tukapanda. Lilipopunguza mwendo sokoni Koboko, mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ni nini kimetokea, maana tulijaa nyuma kama magunia na hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amepoteza meno yote ya mbele. Akainama ubavuni mwa lori, akapiga kelele kuushinda mlio wa injini:

"Bwawa ya mkandarasi imekufa!"

Sasa, Kiswahili cha huku kwetu hakibagui. Gari imekufa, ng'ombe imekufa, chifu imekufa, yote ni sawa. Na kati ya bwawa na bwana kuna herufi moja tu, ambayo mzee hakuwa na meno ya kuitunza, na ile 'ya' ilimezwa na injini. Dereva alisimama kununua sigara, na habari ikatutangulia. Tulipofika kwenye lango la mkandarasi, kilio kilikuwa kimeanza. Nilidhani wana msiba wao, nikawaonea huruma.

Mke wake alinijia mikono kichwani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima. Akatazama kichwa changu, akatazama kitambaa changu.

"Mama, ni kweli? Bwana imekufa?"

Nilishangaa kwamba habari za mume wangu zimefika Koboko. Lakini ni kweli alikuwa amekufa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Imekufa."

"Na wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mke wake."

"Wa Arua?"

"Wa Arua."

"Mumemzika?"

"Tulimzika nyumbani kwangu. Na sasa maji yanamfikia."

Akanikumbatia, tukaanguka sote wawili. "Mke mwenzangu!" alilia. "Mke mwenzangu, alitufanya nini huyu!" Nikafikiri labda hivyo ndivyo Wakakwa, watu wa Koboko, wanavyomfariji mjane. Siku ya kumzika mume wangu sikutoa sauti. Pale, kwenye ua wa mtu nisiyemjua, kifuani mwa mke wake, nililia mpaka kitambaa kikanidondoka, na sijutii.

Watu walizidi kuja. Tukapewa mikeka. Wakati huo sukari ilikuwa haionekani dukani wala kwa magendo, lakini yule mama aliingia chumbani akatoka na gunia, akasema marehemu hakuwa na haja nayo tena. Chai ikapikwa kwenye sufuria ya karamu. Mama wa Kikongo alikuwa akinywa kikombe cha pili aliponinong'oneza, "Hii watu wanalia nani?" Ndipo mkandarasi alipoingia na gari lake.

Wengine walikimbia. Mke hakukimbia. Mkandarasi aliutazama umati, akaitazama sufuria, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amefungua sukari yangu?"

Hapo kila mtu akajua kwamba yu hai.

"Na huyu?" mke akauliza, akininyooshea kidole.

"Simjui!"

Siwezi kuacha uongo upite. "Ananijua," nikasema. "Nyumba ninayolala ni yeye aliyejenga."

Sikuelewa kwa nini watu walipiga mayowe. Ilibidi mzee apande juu ya kigoda aseme neno moja moja, bwa-wa, bwa-wa, huku akichora shimo hewani kwa mikono, mpaka wakaelewa. Wengine walicheka hadi wakakaa chini. Mke wa mkandarasi hakucheka.

"Nitakwenda kuona mwenyewe," alisema. "Kama iko bwawa, nitaona bwawa. Kama iko kitanda, nitaona kitanda."

Alikuja nasi kwa lori lilelile, lililokuwa likirudi Arua kupakia mzigo. Kwangu alikagua chumba, akakuta kofia ya mume wangu ukutani, ya kichwa kidogo kuliko cha mumewe, akatulia. Kisha nikampeleka uani. Alisimama mbele ya kaburi, viatu vyake vikizama. Mumewe alipofika nyuma yetu na gari, alimwambia, "Umemwekea mtu maji kitandani mwake. Mimi sirudi Koboko."

Alikaa barazani kwangu, akila chakula changu na kukisema kwamba hakina chumvi, mpaka mumewe alipoleta mikokoteni ya udongo wa kichuguu, usiopitisha maji. Vibarua wake wakaupanga ndani ya bwawa tupu, wakaulowesha, wakaingiza ng'ombe waukanyage. Mkandarasi naye alikunja suruali akakanyaga nyuma ya ng'ombe, mzee akimhesabia hatua kama kuruta.

"Kushoto, bwawa! Kulia, bwawa!"

Mvua kubwa iliyofuata ilinyesha mchana. Nilivuta kigoda mlangoni nikatazama. Bwawa lilijaa, likajaa, likabaki na maji yake. Mvua ilipokatika nilikwenda uani, nikashika udongo wa kaburi upande wa miguu. Juu ulikuwa umelowa, kama udongo wowote ulionyeshewa. Nikachimba kwa vidole mpaka kiganja kikazama. Chini ulikuwa mkavu.