Samaki Aliowaacha Murtiningsih

Tukiran alikuwa mchonga marumaru wa Campurdarat, kijiji cha Wajawa, mtu wa vumbi jeupe kutoka kope hadi vidole vya miguu, na mkewe alikuwa Hong Kong. Kwa hayo mawili hakuna aliyemcheka. Nusu ya wanaume wa pale wanakula kwa jiwe hilo hilo, na wake zao waliokwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu ni wengi. Lakini Tukiran alikuwa na tangi la samaki sebuleni, na alikuwa akilisemesha. Hapo ndipo watu walipopata la kusema.

Tangi lilikuwa wazo la Murtiningsih. Alipokuja likizo alisimulia sana habari za bibi anayemtunza, ajuza wa Kichina asiyetoka nje tena, ambaye furaha yake yote iko kwenye manfis wake, wale samaki bapa wenye mapezi marefu kama pazia. Kuwalisha ilikuwa kazi ya Murtiningsih.

"Mas, mimi jioni nitakuwa nawaangalia wa kule," alimwambia mumewe, akimwita kaka kama wake wa Kijawa, "na wewe uwaangalie wa huku. Angalau tutakuwa tunaangalia kitu kimoja."

Likizo ilikuwa imebaki kiduchu. Wakanunua tangi la kioo na chujio lake, wakaosha changarawe mpaka ikang'aa, wakajaza maji ya kisima, na mchana ule ule wakatia manfis. Maji yalikuwa meupe kama machozi. Kesho yake Murtiningsih akaondoka kwenda Surabaya kupanda ndege, na Tukiran aliporudi kutoka kumsindikiza, alivuta mkeka akakaa mbele ya kioo. Akawatupia chakula kidogo. Wakaja mbio kumlaki. Nyumba nzima hapakuwa na mwingine wa kumlaki, basi akawatupia tena.

Wiki haikuisha. Samaki walianza kupanda juu wakihema kwa midomo wazi, maji yakaingia wingu, na mmoja baada ya mwingine wakafa. Tukiran aliwafukia chini ya mpapai bila kumwambia mtu. Kisha akawasha pikipiki yake akaenda hadi kwa Mbah Sarpin, yaani Babu Sarpin, mzee mwenye mabwawa ya samaki wa mapambo kijiji cha jirani.

"Nataka manfis," alisema. "Ila mmoja awe na doa jeusi hapa, begani."

"Samaki ana bega?" Mzee alimtazama juu hadi chini. "Wewe unanunua samaki au unatafuta ndugu aliyepotea?"

Tukiran akashindwa kuficha. Akaeleza yote: wale wa kwanza wamekufa, naye hataki mkewe ajue.

"Maji yalikaa muda gani kabla ya kutia samaki?"

"Siku hiyo hiyo, Mbah."

"Na chakula?"

"Asubuhi na jioni. Na... nikikaa nao."

"Unakaa nao mara ngapi?"

Tukiran akatazama viatu vyake.

"Haya, basi nimeelewa," alisema Mbah Sarpin, bila kucheka safari hii. "Wenzako wanaua samaki kwa kuwasahau. Wewe umewaua kwa kuwakumbuka mno."

Hakumuuzia manfis. Alikwenda kwenye tangi lake kuukuu, akachomoa sifongo ya chujio, ya kahawia, inateleza kama kambare, akaitia kwenye mfuko wenye maji.

"Inanuka matope, Mbah."

"Na ole wako uioshe! Humo wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ndio wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Tangi lako lilikuwa kama nyumba mpya isiyo na choo, ukaleta wageni na ukawalisha kutwa. Weka hii kwenye chujio lako. Tia samaki wadogo wawili watatu, wale wagumu wa mitaroni, halafu subiri. Wiki kadhaa. Usibadili maji yote hata siku moja. Robo tu kila wiki, na hayo mapya yalale ndooni kwanza yazoee joto la nyumba. Sifongo ikiziba, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Chakula ni kile wanachomaliza wakati unakoroga kahawa yako. Kikibaki kinazama, kinaoza, nawe unarudi tena kwangu na habari za mabega."

"Na nikitaka kukaa nao tu?"

"Kaa. Mikono mfukoni."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya Murtiningsih. Alikuwa akikaa bustanini na wenzake wa Kijawa juu ya makadibodi, wakila tempe ya soya na kusukana nywele, na hapo ndipo alipokuwa akipigia simu. Jumapili kadhaa Tukiran alikuwa amesingizia mtandao mbovu. Safari hii ilimbidi aonyeshe tangi, na ndani yake vidagaa vitatu vya mtaroni.

"Manfis wako wapi, Mas?"

"Wamekufa, Dik, mdogo wangu."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nimeshindwa kutunza hata kitu kimoja ulichoniachia."

Mara akasikia kitu kama kilio, kumbe ni kicheko. "Mas, wa bibi nao walikufa, wote! Mimi ndiye niliyewaua, mwezi wangu wa kwanza. Nilisugua tangi kwa sabuni ya vyombo nikidhani nafanya usafi. Nililia jikoni nikijua narudishwa nyumbani."

Walicheka mpaka wenzake kule bustanini wakauliza kuna nini. Tangu ndoa yao hawakuwahi kuchekea kosa pamoja namna ile, na simu ilipokatika, Tukiran alihisi kule mbali kumezidi kuwa mbali.

Maji yalipotulia, Mbah Sarpin akakubali kumpa manfis wawili, dume na jike. Akamwonya kuwa maji ya visima vya Campurdarat yana chokaa, ndiyo maana kila birika la pale lina gamba jeupe, na manfis wakitaga wanataka maji laini. Akinge mvua, achanganye. Tukiran akaweka pipa chini ya mchirizi wa paa. Akawa mtu wa robo ya maji kila Jumamosi, ili Jumapili kioo kiwe safi mbele ya simu.

Hapo ndipo alipochonga nyumba. Ilikuwa ndogo, ya marumaru ya maziwa, yenye baraza mbele na vigae vilivyochorwa kimoja kimoja, ile ile waliyokubaliana kuijenga Murtiningsih akimaliza mkataba. Akaiweka katikati ya tangi. Mkewe alipoiona kwenye simu alisogeza uso karibu, akavihesabu vigae.

Manfis wakataga kwenye jani pana. Mayai yakageuka meupe kama punje za wali, yakaota ukungu, wazazi wakayala. Wakataga tena, ikawa vile vile.

Mkataba ulipokaribia kwisha, Murtiningsih alipiga simu na sauti yake ikawa ndogo.

"Bibi ameanguka, Mas. Wanawe wameniomba nikae mwaka mwingine. Ananishika mkono, haniachii hata niende msalani. Nimekubali."

"Umeshakubali?"

"Nimeshakubali."

"Sawa," alisema Tukiran, akakata. Jumapili iliyofuata aliiacha simu ikaita mpaka ikachoka.

Siku moja karakanani mwenzake mmoja alimwaga maji ya ukwaju juu ya meza iliyokwisha kung'arishwa. Mwenye karakana alipiga makelele, maana marumaru na kitu kichachu havikai pamoja. Jiwe huliwa, mng'aro ukaondoka. Tukiran alikuwa akilijua hilo tangu ujana wake. Lakini siku ile alisimama na tindo mkononi akiliwaza pipa lake. Maji ya mvua yana uchachu kidogo. Alikuwa akikinga maji laini, kisha nyumba yake mwenyewe ya marumaru, ikiliwa, inayatia chokaa upya.

Jioni akatumbukiza mkono tangini akaitoa nyumba. Pembe za baraza zilikuwa zimeanza kuwa butu, na mistari ya vigae haikuonekana tena vizuri. Aliikausha kwa shati lake, akaizungushazungusha kiganjani. Alitaka kukasirika, asijue amkasirikie nani. Akaiweka kabatini kwenye nguo za mkewe, akarudi kubadili robo ya maji.

Mayai ya mara ya tatu, yaliyotagwa baada ya hapo, yalibaki maangavu. Tukiran aliona vidoa vyeusi ndani yake, kisha vimkia vikitikisika kwenye jani, na wazazi wawili wakivipepea kwa mapezi kwa zamu. Haikuwa Jumapili. Akapiga hivyo hivyo.

Murtiningsih alipokea jikoni, mvuke umemzunguka. "Mas? Kuna msiba?"

"Tazama."

Akatazama. Akapiga kelele, akakimbia na simu, na Tukiran akaona dari, mlango, kisha uso wa ajuza kitandani. Bibi alisema maneno mengi. Mkewe akamjibu kwa lugha ile ile, haraka, akicheka, na Tukiran, asiyejua hata neno moja, akaisikiliza sauti ya mkewe kama ya mtu wa nyumba ya watu.

"Bibi anasema usiwashtue wazazi, wasije wakawala watoto. Ufunike kioo kwa kitambaa upande wa njiani, wanakopita watu."

"Mwambie nimesikia."

"Mas."

"Eeh?"

"Samaki nimewaona. Geuza simu."

Akaigeuza. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akazidi kujipaka vumbi.

"Umekonda."

"Ni hili vumbi tu."

"Vumbi halikondeshi mtu." Kisha akasema polepole, "Ile Jumapili nilipiga mpaka wenzangu wakanionea haya."

"Nilikuwepo, Dik. Nilikuwa naiangalia ikiita."

"Najua ulikuwepo."

Bibi akaita kutoka kitandani. Murtiningsih akageuka, akarudi, akagusa kioo cha simu kwa kidole, na picha ikatoweka. Tukiran alifunga kitambaa upande wa njiani kama alivyoagizwa, akakaa mkekani bila kusema na samaki, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mwaka ule wa nyongeza ndio kwanza ulikuwa umeanza.