Distro ya Dada

Fundi alikuwa amechoka tangu siku nyingi, kabla hata dada yake hajaanza kupoteza macho. Uchovu wake haukuwa wa kubeba mizigo. Ulikuwa wa mtu aliyeulizwa swali lile lile kwa miaka ishirini na miwili. Chuo alichofanyia kazi kilikuwa na kompyuta mia moja na kumi na tatu, nyingi zikiwa zimekula chumvi ya kutosha, na zote zilitumia Linux kwa sababu ndiyo iliyokubali kukaa kwenye mashine kuukuu bila manung'uniko. Shida ni kwamba Linux si kitu kimoja. Kila kundi la watu huichukua, huifungasha kwa namna yake, huiwekea madirisha na programu zake, kisha huipa jina. Mafundi huviita vifurushi hivyo distro. Viko utitiri, na kila anayetumia kimoja huamini wenzake wamepotea njia.

"Fundi, niweke ipi?" waliuliza. Zamani alikuwa akijibu kwa saa nzima. Siku hizi aliwaacha wachague, akawa anatazama tu. Mkutubi alichukua Mint kwa kuwa kitufe cha kuanzia kilikaa chini kushoto, pale pale vidole vyake vilipozoea. Mwalimu wa takwimu aling'ang'ania Ubuntu maana maelekezo aliyoyapata mtandaoni yaliandikwa kwa ajili yake. Katibu muhtasi wa mkuu wa chuo alichagua ya kwake kwa sababu ya picha ya nyuma kwenye skrini. Fundi alimweleza kwamba picha hubadilishwa kwenye mfumo wowote.

"Najua," katibu alisema. "Lakini hii imekuja nayo."

Fundi hakubishana. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Yeye mwenyewe ujanani alihama distro kama mpangaji anayekimbia wenye nyumba. Kuna mwaka alitumia likizo nzima akiunda mfumo wake kipande kwa kipande, mpaka mkewe akamuuliza, "Hiyo kompyuta utaitumia lini, maana kila siku nakuona unaijenga?" Swali hilo lilimwingia. Akaja akatua kwenye Debian, ambayo haina haraka na mtu, na hapo akatia nanga. Ukimuuliza kwa nini, alisema alitaka mfumo usiomsumbua siku ya Jumamosi.

Ofisini alikaa na fundi mwenzake, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyekwisha kubandikwa jina la Toleo. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake: umeshaweka toleo jipya? Yeye alitumia Fedora, inayotoa toleo kila miezi sita au karibu na hapo. Chumba chao kilikuwa zamani stoo ya viti vibovu, na viti vitatu bado vilikuwemo, wakivikalia.

"Mzee, programu zako zimefikia umri wa kuoa," Toleo alimtania.

"Na zako hazijaota meno," Fundi alijibu bila kugeuka.

Walikwenda hivyo mwaka wa nne sasa. Fundi alimpenda kijana, ila moyoni alimwona kama mtu anayebadilisha shati kila saa na kuuita huo usafi.

Dada yake alikuwa mnukuzi wa mashauri. Alisikiliza sauti zilizorekodiwa mahakamani, akaziandika neno kwa neno, na kazi hiyo ilimlea yeye na bintiye kwa miaka ishirini na tisa. Kisha presha ya macho ikaanza kumla nuru kutoka pembeni, taratibu, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka. Mkuu wake wa kazi, mwanamke mwenye utu, alimruhusu afanyie kazi nyumbani mradi kurasa zifike kwa wakati.

"Kazi yangu ni masikio na vidole," Dada alimwambia Fundi. "Macho nilikuwa nayatumia kuhakiki tu. Wewe ndiye mjuzi wa mashine. Nitafutie itakayonisomea."

Fundi alikwenda Jumapili iliyofuata na flashi mfukoni. Kompyuta ya Dada ilikuwa ya zamani, basi akaiwekea Debian kama anavyoiweka siku zote. Alipunguza kila kilichoonekana kizito, akaacha madirisha mepesi anayoyatumia yeye, na juu yake akapachika programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ikasema. Sauti ilikuwa kavu, ikivuta maneno mahali pasipostahili.

"Anasoma kama karani aliyenyimwa likizo," Dada alisema, wakacheka wote wawili. Fundi aliondoka saa kumi jioni akijiona amemaliza.

Jumatatu asubuhi simu iliita akiwa kwenye ngazi, kebo mkononi.

"Imenyamaza," Dada alisema.

"Uko wapi hapo?"

"Sijui niko wapi, mdogo wangu. Ndiyo maana nimekupigia."

"Sawa. Kwenye skrini unaona nini?" Neno lilikwisha toka. Alisimama akiwa ameuma midomo. Upande wa pili Dada alisema polepole, "Endelea tu."

Ikawa hivyo kila siku, mara mbili, mara tatu. Ndani ya programu ya kuandikia, mashine ilisoma vizuri, lakini Dada alipotoka humo kutafuta faili au kubadilisha sauti ya rekodi, ilinyamaza ghafla kama mtu aliyekatwa kauli. Kosa halikuwa la mfumo. Fundi alijua, ingawa hakulisema, kwamba vile alivyovipunguza ili mashine iwe nyepesi ndivyo vilivyokuwa vikipeleka maneno kwenye sauti. Alijiambia atakwenda kurekebisha Jumapili. Jumapili ikafika, akalala. Iliyofuata nayo akalala. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na magoti yake yalimwambia hivyo kila ngazi.

Halafu mgongo ukamwangusha. Aliinua betri kubwa ya akiba peke yake, kitu alichowakataza wengine miaka yote, na kitu kikalia kiunoni. Daktari alimpa siku kumi za kulala chali. Siku tatu za kwanza hakupokea simu ya mtu. Kuanzia ya nne aligundua kwamba Dada hapigi tena. Alihisi nafuu, na aibu ya ile nafuu ikamkaa kifuani kuliko maumivu ya mgongo. Alidhani Dada amekata tamaa, amezima mashine na kukaa.

Siku ya kumi na moja alikwenda kwake, akitembea kwa hadhari kama aliyebeba mayai. Mlangoni alisikia sauti ile kavu, lakini sasa ilikimbia, haraka kiasi kwamba yeye hakushika hata neno. Dada alikuwa mezani, skrini imezimwa kabisa, vidole vikitembea. Alitoka kwenye rekodi, akafungua faili, akarudi, na sauti ikamfuata kila alipokwenda.

"Nani amegusa hii mashine?" Fundi aliuliza.

"Karibu kwanza, ukae. Mgongo unaendeleaje?"

Alikaa. "Nani, Dada?"

"Mwenzako wa ofisini. Ulipokuwa hupokei, nilipiga ofisini, akapokea yeye. Akaja jioni ile ile."

Fundi aliwasha skrini, akatazama. "Ameweka Fedora."

"Hayo majina ni yenu."

"Ningeweza kuweka madirisha haya haya kwenye Debian. Yapo. Yangekusomea vile vile."

"Najua. Ameniambia mwenyewe. Alisema yako ingefaa kabisa, ni ulivyoikata tu, ila yeye hii ndiyo anayoijua kwa ndani." Dada aligeuza uso upande sauti ya ndugu yake ilikotoka. "Ungeweza. Lakini hukuweka, mdogo wangu."

Hapakuwa na hasira katika maneno hayo, na hilo ndilo lililomchoma Fundi.

"Alifanyaje?" aliuliza.

"Alizima mwanga wa skrini. Akasema, dada, tujifunze wote. Jioni ya kwanza tulipotea kama vipofu wawili, na mmoja wetu hakuwa na ruhusa ya kuwa kipofu." Alicheka kidogo. "Alinifutia kurasa nne. Siku ya pili alikuwa ameshika vitufe vyote, siku ya tatu na mimi."

Fundi alikunywa chai aliyoletewa na mpwa wake, hakusikia ladha yake. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwatazama watu wakichagua kwa kitufe, kwa maelekezo, kwa picha ya nyuma, akawacheka kimoyomoyo. Yeye alimchagulia dada yake Debian kwa sababu hakutaka kujifunza kitu kingine. Wala hakuwahi hata mara moja kuzima ile skrini.

"Niiondoe, nikuwekee ya kwangu sawasawa?" aliuliza, akijua jibu.

"Hapana. Nimeshaizoea. Ila kuna jambo. Mwenzako anasema hii hubadilika mara kwa mara, na yeye ana maisha yake, sitamwita kila siku. Nani ataitazama?"

Fundi alivuta pumzi ndefu. Matoleo kila miezi sita, katika umri huu. Kisha akanyoosha mkono, akazima mwanga wa skrini. "Nionyeshe," alisema.

"Bonyeza Alt, na ile yenye alama ya dirisha pembeni yake, halafu S. Hapo ndipo huyu msomaji anapoamka na kulala. Hapana, hiyo siyo. Pole pole."

Alikosea vibaya. Alifungua asivyotaka, akafunga alivyotaka, na sauti ikamkimbilia mbele kama mtoto mtukutu. Dada alimshika vidole mara mbili na kuvirudisha mahali pake. Walikwenda hivyo mpaka mgongo ukakataa.

Jumatatu alimkuta Toleo amewahi ofisini, hajui atazame wapi.

"Mzee, sikutaka kukuingilia."

"Umenisaidia," Fundi alisema. "Hebu nieleze. Toleo jipya likitoka, lazima Dada aliweke?"

"Si lazima. Moja hutunzwa kama mwaka na mwezi. Anaweza kuruka moja."

"Basi ataruka. Mara moja kwa mwaka, tukiwa wote wawili pale, baada ya wewe kulijaribu wiki nne kwenye mashine yako."

"Wiki nne?" Toleo alisema kwa huzuni ya kweli. Halafu akakubali.

Kompyuta za chuo zilibaki kama zilivyokuwa, Debian na nyinginezo, na simu za Dada zikapungua hadi moja kwa wiki, tena mara nyingi ya kuuliza hali. Macho yake yaliisha kabisa kabla mwaka haujageuka. Mwezi ule ule alikabidhi nukuu ya shauri la mpaka wa shamba, kurasa mia tatu na sita, na mkuu wake akamletea lingine.

Fundi alikwenda kwake Jumamosi moja kwa mwezi. Alikaa kwenye kiti cha mikono mbele ya mashine, skrini imezimwa, akafanya mazoezi ya vitufe kwa nusu saa huku Dada akimkosoa. Mara nyingi usingizi ulimpitia kabla hajamaliza. Dada alipousikia mkoromo, alijisogezea kibodi, akachomeka hedifoni ili sauti isimwamshe, akaendelea kuandika.