Nilimtania Mtani Wangu kwa Hasira

Nianze na kosa lenyewe, maana nikizungukazunguka nitaogopa na kuliacha. Nilimpeleka rafiki yangu kwenye mashine mbovu huku najua ni mbovu, akafa. Kisha nikasema uongo, kosa likawa lake.

Jina langu nalificha, mnisamehe. La kwake sina haki ya kulificha. Aliitwa Kondo, Mzaramo wa Temeke, mtani wangu.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, mie kijana niliyetoka Tabora nimepata kazi katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Pugu. Tulikuwa tunatengeneza vyombo vya bati: ndoo, makarai, masinia, mabakuli. Vyombo vilikuwa vingi, mashine za kukandamizia bati chache, na kila chombo kilikuwa na kalibu yake, chuma cha kulipa bati umbo. Leo mashine inatoa ndoo, kesho unafungua kalibu unafunga nyingine, inatoa sinia.

Kazi yangu mie ilikuwa kuamua mashine ipi ifanye nini, na nani asimame pale. Mpango niliupanga asubuhi, na kabla ya chai ulikuwa umeshaharibika. Umeme unakatika, bati halijafika kutoka bandarini, shule fulani inataka mabakuli leo hii, mashine imekwama. Basi mie nabadilisha. Hii ikiugua, kazi yake naihamishia ile. Ile ikilemewa, nagawa. Kazi haikusimama, na nilikuwa najivunia mno!

Nilikuwa na ubao mkubwa ukutani wenye misumari. Kila kazi ilikuwa na kibati chake kidogo chenye jina la chombo na la mtu, na kila mashine msumari wake. Kazi ikihama, nahamisha kibati. Mashine ikiwa mbovu, natundika kibati chekundu, hapo hagusi mtu.

Zamani watu walikuwa wanabishania mashine, kila mmoja anataka iliyo nyepesi. Mimi ndiye niliyepeleka hoja kwenye mkutano wa wafanyakazi kwamba ubao ukishasema, mtu habishi. Wengi walinung'unika. Kondo ndiye aliyesimama akaniunga mkono, hoja ikapita.

Sasa habari ya utani. Mie Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na utani wa makabila yetu kila mtu anaujua. Mtani wako atakutukana mbele ya wakwe zako, atakula chakula chako, atachukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Kondo alikuwa ananiita mpagazi. Mie namwambia Wazaramo kazi hawaijui, wanajua ngoma na kuoa. Tulikuwa tunapendana, nasema kweli.

Siku moja nilinunua viatu vya raizoni, vile vya kisigino kirefu vilivyokuwa vinatamba mjini wakati ule. Nilijinyima kweli kweli kuvipata. Kulikuwa na dada mmoja kwenye idara ya kufungasha, na nilitaka anione navyo.

Nilivivua chini ya meza kidogo tu nipumzishe miguu. Kuinuka, havipo! Kutazama dirishani, namwona Kondo yuko uani, kavivaa, anatembea mbele ya akina dada wa kufungasha huku ameshika kiuno, anatangaza kwamba mpagazi kahamia ghorofani. Wale wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Yule dada naye alicheka. Meneja alikuwa anapita, akacheka pia, kisha akageuka akaniona mie mlangoni, miguu mitupu.

Nami nikacheka. Ningefanyaje? Lakini moyoni niliwaka. Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nilikwenda kazini bado nimekasirika. Hili ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote. Sikuwa na utani siku ile. Nilikuwa na hasira, nikaivisha nguo za utani.

Asubuhi hiyo mashine ya Kondo ilikuwa imevunjika kifaa. Ikabidi nimhamishe. Kulikuwa na mashine nyepesi yenye nafasi, ningeweza kumpa hiyo.

Kulikuwa na nyingine kubwa, ya zamani, tuliyoiita Babu kwa sababu ilikuwa inaguna ikishuka. Fundi mkuu alikuwa ameshaniambia asubuhi kwamba klachi ya Babu inateleza, kichwa, kile chuma kizito cha juu, kinaweza kushuka chenyewe bila pedali kukanyagwa, nisitundike kazi yoyote pale mpaka aniambie yeye. Nilitundika kibati chekundu mbele yake, akaondoka.

Fundi alipokwisha kuondoka, nilikitoa kile chekundu. Nikatundika kibati cha Kondo, kazi ya makarai.

Nilichopanga ni hiki. Kufunga kalibu ya karai kwenye Babu ilikuwa kazi ya kumwaga jasho, vyuma vizito, boliti kubwa. Nilitaka Kondo ahangaike weee, amalize kufunga, halafu mie nitokee na wale akina dada wa kufungasha nimwambie kwamba mashine ni mbovu, afungue kila kitu arudi alikotoka. Nao wamcheke yeye. Ndiyo hivyo tu. Nilijiambia kabla hajawasha nitakuwa nimefika.

Kondo aliusoma ubao, akakunja uso kidogo, akaja mpaka mezani kwangu. Kelele za kiwanda zilikuwa kubwa, akainama karibu na sikio langu.

"Mtani, Babu kapona?"

"Kapona. Au unatafuta sababu ya kukaa kivulini, Mzaramo wewe?"

Akacheka, akanipiga begani, akaenda kuvuta mkokoteni wa bati.

Nilimwangalia akifungua zile boliti. Shati lilikuwa limelowa, nami nikafurahi. Halafu Meneja akaniita kwenye simu. Lori la bati la ndoo halikutoka bandarini, na ndoo ndiyo ilikuwa kazi ya mashine karibu zote siku ile. Nipange upya, haraka. Nikakaa na karatasi. Mabakuli yaje huku, masinia yaende kule, nani apumzike, nani aongezewe. Kazi ile nilikuwa naipenda, ikinishika nasahau hata njaa.

Nilimsahau Kondo. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilimsahau kabisa.

Nikasikia Babu ameguna. Kwanza nikajiuliza ni nani huyo kaiwasha. Kisha nikajua.

Mashine zikazimwa moja moja, watu wakaanza kukimbilia kule. Na mie nikainuka nikakimbia. Lakini, jamani, sikukimbilia kwa Kondo. Nilikimbilia kwenye ubao! Nikatoa kibati chake, nikarudisha chekundu pale pale. Hakuna aliyeniona, wote walikuwa wamenipa mgongo. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kumtazama mwenzangu. Alikuwa ameinama kuweka bati ndani wakati kichwa kile kiliposhuka. Hakufika hospitali.

Nililia siku ile, na kilio kilikuwa cha kweli. Watu walikuwa wananishika mikono, wakijua jinsi tulivyokuwa.

Kesho yake tukamzika, Temeke kwao. Mnajua desturi: jeneza linapotoka, mtani anaziba mlango. Anamsema marehemu vibaya, anachekesha waliofiwa, hapiti mtu mpaka apewe chochote. Wazee wakauliza mtani wa marehemu yuko wapi. Nikasukumwa mbele.

Nilisimama mlangoni nimetanua mikono. Watu wote wananitazama, wengine wameshaanza kutabasamu wakisubiri. Sikuwa nimepanga kusema nilichosema. Kilitoka chenyewe.

"Hapiti mtu. Mie ndiye niliyemuua. Nilimpeleka kwenye mashine mbovu, nikijua ni mbovu."

Kisha ami yake Kondo akaangua kicheko. Akasema Wanyamwezi hawa hawana haya, wanaua halafu wanadai na ujira! Msiba mzima ukacheka, na machozi machoni. Hata wenzetu wa kiwandani walicheka. Ami akaagiza nipewe changu niwapishe. Likaletwa shati la Kondo kutoka ndani, nikapokea, nikawapisha.

Niwaambie nilichojisikia? Nafuu! Nilitembea nyuma ya jeneza nikijiambia kwamba nimeshasema, nimesema mbele ya watu wote, hawakutaka kusikia, basi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Baadaye ikaundwa kamati ya kuchunguza ajali. Pale hapakuwa na utani. Fundi mkuu alieleza alivyonionya na alivyoniona nikitundika kibati chekundu. Kisha nikaitwa.

Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu, asubuhi ile ubao ulisemaje kuhusu mashine ile?"

"Ulikuwa na kibati chekundu, Ndugu Mwenyekiti."

Basi, maneno hayo tu! Kamati ikaamua kwamba marehemu alivunja amri ya ubao kwa uzembe wake mwenyewe, na kwa hiyo familia haina madai yoyote. Mnakumbuka neno uzembe lilivyokuwa zito siku zile. Kwenye mikutano ya wafanyakazi wakawa wanatuambia tusiwe kama Kondo. Kondo, aliyesimama peke yake kuuunga mkono ubao huo! Nami nikapongezwa kwa nidhamu yangu ya kazi.

Mjane wake, Mama Rehema, alipomaliza eda alikuja kiwandani. Askari wa getini akaniita. Nilimkuta amesimama nje, amembeba mtoto mdogo mgongoni, na mwingine kamshika mkono. Nilimwamkia nikiwa natazama chini. Nilidhani amekuja kuomba msaada, na nilikuwa tayari kumpa chochote nilichokuwa nacho.

Hakuomba kitu. Aliniuliza hali, akaniuliza watu wa Tabora hawajambo. Kisha akasema taratibu, askari asisikie.

"Shemeji, siku ile ulipoziba mlango mie nilikuwa chumbani na wanawake wenzangu. Wao walicheka. Mie sikucheka, maana sauti yako ya utani naijua, na ile haikuwa yenyewe."

Niliangalia getini kwa yule askari. Mama Rehema akaendelea.

"Simshitaki mtu. Aliyekufa kafa. Ila huyu Rehema wenzake wanamwambia baba yake kafa kwa uzembe. Nambie mie tu, nijue cha kumwambia mwanangu."

Yule mtoto alikuwa ananitazama. Macho ya Kondo kabisa.

Ilikuwa rahisi mno! Hakutaka nifungwe, hakutaka nifukuzwe kazi. Alitaka neno moja, na neno lenyewe alikuwa ameshalijua. Mie nikafikiria kamati, nikafikiria jela, nikafikiria yule askari na masikio yake.

"Shemeji," nikamwambia, "nilikuwa natania."

Akasema, "Haya." Akamgeuza Rehema, wakaondoka kwa miguu kufuata barabara.

Nilisikia walihama Temeke, wakarudi kwao upande wa Kisarawe, kwa sababu nyumba ya kupanga hakuweza kuilipia. Nami kazi ile sikudumu nayo. Niliacha mwenyewe. Nimeoa, nimezaa, nina wajukuu hapa Kinondoni. Vijana wa Kizaramo wa mtaani wakijua mie Mnyamwezi wananianza utani, nawaitikia kwa mkato, wananiona mzee mwenye gubu. Wanangu hawajui kwa nini.

Miaka mingi ilipita ndipo nikapata moyo wa kumtafuta Mama Rehema. Nikaambiwa alishafariki. Watoto walikotawanyikia, hakuna aliyeweza kunionyesha.

Ninyi mnaosoma, nawaomba. Kama mtani wako amekuudhi, vua utani kwanza, mwambie umekasirika. Atashangaa, pengine atakucheka, hata mkinuniana wiki nzima si neno. Usimrudishie kwa mchezo huku roho inachemka, maana mtu mwenye hasira hajui mchezo unaishia wapi. Na ukishakosa, usitafute mahali ambapo ukweli wako utachekwa ili upate kusema umeusema. Nenda kwa anayekuuliza, umjibu.

Na wewe Rehema, kama uko hai na gazeti hili limekufikia: mama yako alinielewa vizuri, mie ndiye niliyemwongopea. Baba yako hakuwa mzembe.