Kukadiria Pointi Faivu

Ukivunja betri kuukuu ya tochi kwa jiwe, hutoka harufu ya chuma kilicholowa, yenye uchungu kidogo, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Juzi mtoto wa jirani yangu hapa Shirere alivunja moja karibu na mlango wangu. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, kisha nikaanza kupanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Sikulia. Sijawahi kulia kwa ajili ya harufu hiyo, ingawa niliwahi kuipaka usoni, au tuseme nilipakwa. Hata hapo sijui neno lililo sahihi, na nimelifuta mara nyingi.

Shule yetu ya msingi ilikuwa upande wa Isecheno, karibu sana na msitu hivi kwamba nyani walikuja kutazama tukila. Ubao wetu ulikuwa sehemu ya ukuta iliyolainishwa kwa simiti. Ulipopauka, wanafunzi wa zamu walisaga makaa ya betri zilizokwisha, wakayaponda pamoja na majani ya viazi vitamu, wakapaka kwa kitambaa mpaka ukuta ukawa mweusi ti. Kazi hiyo ilifanywa Ijumaa jioni, ili Jumatatu chaki ishike vizuri.

Nililelewa na kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Mama alikuwa akifanya kazi Eldoret. Baba alikuwa Mzungu aliyekuja kuchunguza vipepeo msituni, akaondoka kabla sijazaliwa, na hata picha yake sijawahi kuiona. Aliniachia ngozi ya rangi ya chai ya maziwa, na nywele ambazo watoto walizishikashika bila kuuliza, kama watu wanaopima kitambaa sokoni. Jina langu lilikuwa kwenye rejista tu. Kwingine kote niliitwa Pointi Faivu, yaani nusu huku na nusu kule. Hata wa nasari waliniita hivyo, na mimi niliitika. Kukhu alinifunza kwamba ukiitwa, unaitika.

Nikwambie pia kwamba nilikuwa mtoto wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nilifuta herufi iliyopinda mpaka karatasi ikatoboka. Kuitwa nusu, kwa mtoto wa namna hiyo, si tusi tu. Ni kazi ambayo haijamalizwa.

Tukiwa darasa la tano, Mwalimu Ayuma alitufundisha kukadiria desimali. Ikiwa chini ya nusu, unashuka. Ikifika pointi faivu, unapanda hadi nambari nzima. Darasa lilianza kucheka kabla chaki haijatoka ubaoni. Shikuku, aliyekaa dawati la nyuma, akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo huyu wetu tukimkadiria, atakuwa mtu mzima?"

Kicheko kiligonga mabati. Mwalimu Ayuma alimwambia akae chini, kisha akaendelea na mfano wa pili. Mimi nilinakili mfano wa pili, nikaupigia mstari kwa rula.

Ijumaa hiyo zamu ya ubao ilikuwa yetu watatu: Shikuku, mimi na Muhonja, ambaye nilikaa naye dawati moja. Muhonja ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye. Tulipomaliza ubao, makaa yalibaki kwenye kopo. Shikuku akachovya kitambaa.

"Pointi, kuja hapa. Leo tunakukadiria."

Muhonja akamnyang'anya kitambaa. Nilidhani atakitupa.

"Wewe utampaka vibaya," alimwambia. "Wacha mimi." Halafu akanigeukia. "Mimi sipendangi vile wanakuita. Tulia tu. Utakuwa kama sisi."

Alinipaka polepole kuanzia paji la uso, akipuliza palipolowa ili pakauke. Hakuna aliyenishika. Nilifumba macho. Alipomaliza nilijitazama kwenye kioo cha dirisha, nikaona mahali chini ya sikio palipobaki peupe.

"Hapa mmeruka," nikasema.

Shikuku alicheka mpaka akakaa sakafuni. Muhonja hakucheka. Alichovya kitambaa tena, akapaziba.

Nilipofika nyumbani kukhu alikuwa akisonga obusuma. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Alinisugua kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa mafuta tena, mpaka shingo ikawaka moto na ugali ukaungua. Nilichokuwa nikifikiria ni sufuria, kwamba itakuwa ngumu kuisugua. Aliniuliza ni nani. Nikataja jina la Shikuku, na baada ya muda, la Muhonja.

Jumatatu tulisimama ofisini mwa mwalimu mkuu, sisi watatu upande mmoja, kukhu kwenye kiti, Mwalimu Ayuma karibu na kabati. Muhonja alikuwa ananitazama. Nilijua kwamba nikijibu vibaya atafukuzwa, nami nitabaki peke yangu kwenye dawati letu. Hilo tu ndilo nililojua.

"Walikushika kwa nguvu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hapana, mwalimu."

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Ulilia?"

"Hapana."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi mama, umesikia mwenyewe. Watoto walikuwa wanacheza."

Kukhu hakuinuka. "Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Rakini wewe umemuuliza tu kama alishikwa. Muulize ni kwa nini hakukimbia."

Mwalimu mkuu alizungusha kalamu yake. Aliizungusha tena. Mwishowe ni Mwalimu Ayuma aliyeuliza, kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza aliniita kwa jina langu lililo kwenye rejista. Kwa nini hukukimbia?

Nilitafuta jibu lililo sahihi.

"Walikuwa hawajamaliza," nikasema.

Muhonja akaanza kulia. Shikuku alikodolea macho vidole vyake vya miguu. Hakuna mtu mzima aliyesema neno, nami nikajua kwamba nimekosea mahali.

Kukhu akanishika mkono, tukatoka. Hatukupitia darasani. Tulifuata njia ya kando ya msitu, naye alikuwa akitembea mbele bila kugeuka, leso yake imefungwa vizuri kiunoni.

"Kukhu," nikamwita, "nimejibu vibaya?"

"Umejibu," alisema.

Hakuongeza vizuri wala vibaya. Nilikuwa mtoto aliyezoea kungoja alama ya tiki, hivyo nilitembea njia nzima nikisubiri neno la pili. Niliendelea kulisubiri kwa miaka. Nilijaribu majibu mengine kichwani, marefu na mafupi, nikitafuta lile ambalo lingewafanya wale watu wazima waseme kitu.

Ni hivi karibuni tu nimeelewa kwamba kukhu hakuwa na neno la pili la kunipa. Mimi nilikuwa nimeshamaliza zamu yangu. Waliobaki na swali ni wale tuliowaacha ofisini.