Filamu ya Usalama Imenifanya Nimtilie Shaka Mume Wangu

Admin, jina langu kaa nalo wewe, hata herufi ya kwanza usiweke, maana Dodoma hii tunajuana. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka thelathini na sita, ndoa yangu ina mwaka wa tisa, watoto wawili. Mume wangu ni mtu wa usalama wa taifa, yuko kitengo, kama wanavyosema. Ndivyo alivyoniambia tangu uchumba, akanisihi nisiulize zaidi, na mimi sikuuliza. Hata alipokuja kujitambulisha kwetu Kongwa, wazee wangu, ambao kwa kawaida humchimba mkwe mpaka wajue babu yake kazikwa wapi, walipoambiwa kazi ya kijana haisemwi, wakafunga midomo. Hakuna aliyeuliza ofisi iko wapi.

Mwezi uliopita kulikuwa na tamasha la filamu hapa mjini. Nilimburuta, maana alikuwa hataki. Filamu yenyewe ilihusu maofisa wa usalama wa taifa wanaomsaka mtu anayeuza siri za nchi, yaani ilikuwa ya moto, ukumbi mzima kimya. Kuna mahali mkuu wao anamwambia kijana mgeni kazini kwamba siku mkeo akijua unafanya kazi hii, ujue huna kazi. Nikacheka peke yangu, maana mimi niliambiwa tangu uchumba. Nikamgeukia mume wangu nimtanie, nikakuta kaikodolea macho skrini, mdomo wazi, kama mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza siku ya kwanza maabara. Nikajisemea, huenda anakumbuka ya kazini.

Wiki mbili baadaye tukaenda Kongwa, kipaimara cha mtoto wa dada. Baada ya chakula baba zangu wadogo wakamzunguka, wakamwomba awagusie japo kidogo. Akakohoa, akashusha sauti, akasimulia alivyomfuatilia mtu mmoja Makutupora, akaingia chooni akavua shati la bluu akavaa kanzu, akatoka na kumpita yule mtu bila kutambuliwa. Jamani, hiyo ni ile filamu. Shati lile lile, kanzu ile ile, ila yeye kaihamishia Makutupora. Wazee wanatikisa vichwa kwa heshima, mimi nimesimama na sinia la vyombo, namkazia macho. Alinitazama mara moja, akameza mate, akaendelea.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa upole, ile habari ya kanzu ilikuwa lini? Akanijibu, "Mke wangu, umeanza kunichunguza?" Akaongeza sauti ya redio mpaka nyumbani.

Najua mtasema wanaume hupiga fiksi za kujikuza, nimsamehe. Ningesamehe. Tatizo ni mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na kazi yake nzuri kwenye mashamba ya zabibu, shemeji yake, huyu mume wangu, akamwambia aache, jina lake limeshapelekwa kitengo, na asishike kazi nyingine kwa sababu anafuatiliwa. Kijana akaacha. Huu ni mwezi wa nane amekaa nyumbani anasubiri kuitwa, hata mchumba wake alimwacha mwenyewe, eti binti asije akaharibu mambo. Juzi alinipigia akasema, "Dada, nivumilie tu, si ndiyo?" Nikamwambia vumilia. Nilijichukia siku nzima.

Alhamisi mume wangu anasafiri tena kikazi, wiki mbili, simu haitapatikana, kama kawaida. Nimeshamfulia na kumpigia pasi. Siku hizo huwa yuko wapi sijui, na nusu yangu inaogopa kujua.

Nikimwambia mdogo wangu atafute kazi, na kumbe mume wangu ni mtu wa kweli, nimemharibia kijana na nyumba yangu nimeibomoa kwa mkono wangu. Nikinyamaza, na kumbe ni uongo, kijana anaozea nyumbani na mimi dada yake ndiye niliyemwambia avumilie. Sitaki matusi, nataka akili zenu, hasa ninyi mlioolewa na watu wa namna hii, kama mpo. Nishaurini: kesho mdogo wangu akipiga simu, nimjibu nini?